Msafara wa baskeli Bagamoyo hadi Tanga kwa ajili ya wenye ulemavu: tuufanye, ila fedha ziende kwenye vipuri na mafundi

Mwanzisha uzi (Ngamiani, Tanga)

Wadau, habari za saa hizi.

Kuna mazungumzo yanaendelea kati yetu wapanda baskeli wa Tanga na wenzetu wa Bagamoyo kuhusu msafara wa hisani. Tutoke Bagamoyo, tuje Tanga kwa baskeli, kila mpandaji awe na ndugu na marafiki wanaomchangia kwa kila kilomita, kisha kitakachopatikana kiwasaidie watu wenye ulemavu wa pande zote mbili. Naliunga mkono kwa moyo wote na nitapanda Mungu akipenda. Ila nimeona nilete jambo hapa mapema, kabla watu hawajaanza kuchanga, kwa sababu fedha zikishaingia maneno huwa magumu.

Mimi ni fundi baskeli. Karibu kila mwaka, ikifika tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, hugawiwa viti mwendo na baskeli za mikono, picha zinapigwa, watu wanashukuru na kutawanyika. Baada ya miezi kadhaa vile vile vilivyopigwa picha vinaletwa kwangu, na mwenye navyo hana hela ya matengenezo, au hela anayo na kipuri hakipo mjini.

Nieleze kwa asiyeijua baskeli ya mikono. Ina magurudumu matatu, mbele moja, nyuma mawili. Pedeli zipo usawa wa kifua, unazungusha kwa mikono, cheni inashuka kwenye gurudumu la mbele. Mikono hiyo hiyo ndiyo inayokata kona na ndiyo inayoshika breki. Yaani mtu anaishi kwa mabega yake. Sasa cheni ikikatika kwangu mimi mwenye miguu miwili, nashuka, nasukuma hadi kwa fundi. Ikikatika kwake, amekaa hapo hapo barabarani mpaka apite mtu mwenye huruma. Ndiyo maana cheni ya shilingi elfu chache kwake ni jambo zito kuliko tunavyodhani.

Yupo mshona viatu mmoja, mtu mzima, aliletwa kwangu yeye na baskeli yake juu ya mkokoteni. Meno ya friweli, ile gia ya gurudumuni inayovutwa na cheni, yalikuwa yamelika mpaka cheni inaruka kila akitia nguvu. Tairi moja la nyuma lilikuwa limefungwa kwa vipande vya tyubu, mzunguko mzima, kwa mafundo. Gololi za gurudumu la mbele zilishakuwa unga. Hayo yote yanatengenezeka. Kilichonisimamisha ni kiti: sponji ilikuwa imelala mpaka ukigusa unagusa ubao, na kitambaa kina doa. Mzee hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini, kwa hiyo alikuwa na kidonda cha kukalia na hakujua mpaka mkewe alipoona nguo. Kidonda cha namna hiyo huanza kidogo juu, ndani kinakula, na kikiachwa kinaweza kufika kwenye mfupa na kuingiza sumu kwenye damu. Chanzo ni sponji iliyokufa.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: fedha za msafara zisinunue vifaa vipya vya kugawa siku moja. Ziweke mfuko wa vipuri, mafunzo kwa mafundi wawili watatu Tanga na idadi hiyo hiyo Bagamoyo, na sponji za maana. Vifaa vipya vinunuliwe kwa anayehitaji kweli, baada ya kupimwa.

Kuhusu safari yenyewe, haya ndiyo tunayofikiria. Ukitazama ramani, njia fupi na ya kupendeza ni ya pwani, Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga. Mradi wa lami wa njia hiyo ni wa kilomita 256, ila unapita kwenye Hifadhi ya Taifa Saadani, na pale kuna simba na tembo, si mahali pa kupitisha kundi la baskeli kienyeji. Kisha kuna Mto Pangani wa kuvuka. Kwa mara hii ya kwanza napendekeza tupite ndani: Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64 za lami, tupinde kulia kwenye barabara kuu, tuvuke Wami, Mbwewe, Mkata, Kabuku, Segera, hapo tuiache barabara ya Moshi na Arusha, tushike Hale, Muheza, Pongwe, mjini. Jumla inakaribia kilomita 270. Kwa mwendo wa watu wa kawaida ni siku nne.

Wakati mzuri ni baada ya masika. Juni kusi limeshakamata, jua limepoa. Manahodha wetu wote wanajua kusi hupeleka chombo kaskazini, na kwa mpanda baskeli ni vivyo hivyo: kutoka Msata hadi Segera tunaelekea kaskazini, upepo unatusukuma mgongoni. Segera kuja Tanga utatupiga ubavuni, tutavumilia. Tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018, na ingefaa tuondoke siku hiyo.

Swali ambalo sina jibu lake, na naomba hasa wenye ulemavu mnisaidie: ninyi mshiriki vipi kwenye safari yenyewe? Wapo wanaosema mtusubiri Pongwe tuingie mjini pamoja. Mnaonaje?

Mdau (Bagamoyo, Dunda)

Mkuu, ahsante kwa uzi. Huku tumejipanga, vijana wapo, na kuna wazo la kuanzia viwanja vya TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya hapa Bagamoyo, ili wasanii watusindikize na ngoma.

Nina wasiwasi mmoja. Mchangiaji anataka kuona kitu. Ukimwambia hela yako imenunua viti mwendo kumi, anaelewa. Ukimwambia imenunua gololi na spoku, utampata? Mimi nimewahi kuchangisha kwa ajili ya msikiti na madrasa, najua watu wanavyotoa. Wanatoa kwa kitu chenye umbo.

Mdau (Tanga, Makorora)

Naungana na mdau wa Dunda. Tena barabara ile ya Segera mnaijua? Malori ya kaskazini usiku na mchana, mabasi yanayapita malori, kwenye baadhi ya vipande bega la barabara halitoshi hata baskeli moja. Mtapeleka watu wakagongwe kwa jina la hisani. Kwa nini msichange tu kwa simu mkakaa nyumbani?

Mwanzisha uzi

Kaka wa Makorora, hofu yako ina haki na sitaipuuza. Tumepanga kuondoka alfajiri kweupe na kuegesha kabla ya saa tano. Hakuna kupanda usiku hata kidogo. Gari moja mbele, moja nyuma lenye taa za tahadhari, vikoti vya kung'aa kwa kila mtu, kofia ngumu bila majadiliano, na makundi ya watu wachache wachache badala ya msururu mmoja mrefu ambao dereva wa lori hawezi kuupita. Askari wa usalama barabarani waarifiwe wilaya kwa wilaya, Bagamoyo, Chalinze, Handeni, Korogwe, Muheza. Wasipokubali kutusindikiza kwenye vipande vibaya, tutapakia baskeli kwenye gari tuvipite. Hakuna atakayetucheka kwa hilo.

Kwa nini tusikae nyumbani tukachanga? Nikueleze habari ya Emmanuel Ofosu Yeboah wa Ghana. Alizaliwa mwaka 1977 mguu wake wa kulia ukiwa hauna mfupa wa muundi. Alikulia katika jamii ambayo mtoto wa namna hiyo hutarajiwa kuomba mitaani, yeye akaenda Accra kung'arisha viatu. Kisha akaandika barua kwa taasisi moja ya San Diego, Marekani, Challenged Athletes Foundation, akaomba baskeli. Wakampa. Kati ya 2001 na 2002 akaendesha kwa mguu mmoja kilomita zipatazo 600 ndani ya nchi yake, akisimama mjini na vijijini, akiongea na machifu, na wanafunzi, na wazazi waliokuwa wanawaficha watoto ndani. Mwaka 2006 Bunge la Ghana lilipitisha sheria ya watu wenye ulemavu. Siwezi kusema sheria ile ni kazi ya mtu mmoja, vyama vyao vilipigania miaka mingi. Lakini kwa pale alipopita, mtoto aliyefichwa ndani alimwona mtu mwenye mguu kama wake akipita barabarani kwa nguvu zake mwenyewe. Hilo halitumwi kwa simu.

Sisi sheria tunayo tayari, ya mwaka 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009. Kilichobaki ni watu wa Mbwewe na Mkata na Hale kuona kwa macho.

Mdau (Tanga, Mikanjuni)

Nimesoma tangu mwanzo na sasa naandika, maana uzi huu unanihusu. Mimi natumia baskeli ya mikono tangu nikiwa shule. Polio.

Fundi, ulichosema kuhusu cheni ni kweli tupu. Mimi nimewahi kukaa barabarani tangu magharibi hadi baada ya isha, mvua inanyesha, bajaji zinapita, zote zinasema baskeli yako haiingii. Ukimwacha mtu aichukue yeye, akuache wewe uende na bajaji, hujui utaikuta wapi kesho. Hayo ndiyo maisha.

Sasa kuhusu swali lako. Pongwe hapana. Mkitusubirisha Pongwe tutakuwa mapambo ya kuingilia mjini. Mabega yangu yanabeba maji, yanabeba unga, yananipeleka Mabanda ya Papa na kurudi. Siwezi kilomita 270, wala sitaki kudanganya kwamba naweza. Mlima mrefu kwa baskeli ya mikono ni adhabu, haina gia, ina uzito wa chuma kitupu, na mkiteremka breki ya mbele peke yake haitoshi. Lakini tambarare, lami nzuri, asubuhi, kilomita kumi na tano mpaka ishirini naenda. Tuwe wengi, tupokezane. Mmoja aanze Bagamoyo, amkabidhi mwingine Kiwangwa, mwingine Msata, hivyo hivyo mpaka Tanga. Kila kipande cha njia kiwe na mmoja wetu. Yule mtoto wa Mbwewe atuone.

Na mwendo wetu ndio uwe mwendo wa msafara kwenye kipande hicho. Mkitutangulia na kutusubiri mbele mnakunywa madafu, haina maana.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, hapo umenijibu, na ndivyo itakavyokuwa kama nina sauti kwenye kamati. Tena naomba uingie kwenye kamati yenyewe.

Breki: nitafunga breki ya pili kwenye gurudumu la nyuma kwa kila baskeli ya mikono itakayoshiriki, bila malipo. Ni kazi ya kuchomelea kibao kidogo na kuvuta waya, nusu siku inatosha. Zile zenye nafasi kwenye ekseli nitajaribu kuongeza friweli kubwa zaidi ili kupanda kuwe kwepesi.

Kwa wasioona, kuna baskeli ya viti viwili. Wa mbele anaona na kuongoza, wa nyuma anakanyaga kwa nguvu zote. Kwenye michezo ya Paralimpiki wanashindana hivyo, na wenye baskeli za mikono nao waliingizwa tangu Athens 2004. Fremu mbili za zamani nzito za inchi 28 zinaweza kuunganishwa na mchomeleaji mzuri hapa hapa Ngamiani. Ila zijaribiwe kwanza Raskazone taratibu, maana kuanza na kusimama kunataka watu wawili waliozoeana, na anayeongoza lazima aseme kila kitu kabla: naacha kukanyaga, kuna tuta, napinda kushoto.

Mdau (Muheza)

Samahani, mimi ni mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ana miaka tisa. Naona mnazungumza baskeli na kiti mwendo kama vile wote wanaweza kukaa. Mwanangu hawezi kushika shingo vizuri. Alipewa kiti mwendo cha mtu mzima, kile cha kukunja kama cha hospitali. Akikaa anateleza anaingia chini, miguu inaning'inia, mgongo unapinda. Tukajaribu kumfunga kwa khanga. Akila akiwa amelala nusu anapaliwa, na kifua kimemsumbua sana. Mwisho kile kiti tunabebea machungwa, na mwanangu nambeba mgongoni. Anazidi kuwa mzito na mimi umri unakwenda.

Sisemi kwa kulalamika, waliotoa walitoa kwa wema. Ila watoto wetu nao wakumbukwe.

Mwanzisha uzi

Mama, shikamoo, na pole sana. Ujumbe wako ndio uzi wenyewe.

Wadau, someni hapo juu tena. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo mwaka 2008, na humo walihesabu hatua nane za huduma: mtu aelekezwe, apimwe, aandikiwe aina inayomfaa, fedha na oda, kiti kiandaliwe, akalishwe na kurekebishiwa, afundishwe kukitumia, na mwisho ufuatiliaji na matengenezo. Kati ya hatua nane, zile hafla tunazozijua zinafanya moja na nusu. Mtoto kama huyu anahitaji kiti chenye egemeo la kichwa, la kiuno, sehemu ya kuwekea miguu kwa kimo chake, mkanda wa nyonga, na meza mbele. Na kwa kuwa anakua, lazima kiwe cha kurekebishika, vinginevyo mwakani hakimtoshi. Kazi hiyo si ya fundi baskeli peke yake. Anatakiwa mtaalamu wa mazoezi tiba ampime, kisha sisi wa vyuma na mbao tufuate vipimo. Tanzania wataalamu hawa wanafunzwa, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT tangu 1981, kinafundisha watengenezaji wa viungo bandia na visaidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Hatuhitaji kubuni upya. Tunahitaji kuleta mtu mmoja kwa wiki moja aje akae na mafundi wetu na wataalamu wa hapa.

Nirudi kwa mdau wa Dunda, aliyesema watu hutoa kwa kitu chenye umbo. Basi tuwape umbo. Mchangiaji aambiwe hela yake imemweka mtu huyu barabarani mwaka mzima: cheni mbili, tairi tatu, tyubu, gololi, sponji moja nzuri na mkono wa fundi. Kwa ridhaa ya mwenyewe, na bila kuanika jina lake wala kidonda chake.

Jambo jingine la kifundi ambalo wachangiaji wa mbali hawalijui. Viti vingi vya kuagizwa vina tairi la inchi 24 jembamba. Nenda maduka yote ya vipuri barabara za Ngamiani, utakuta inchi 26 na 28 zimejaa mpaka darini, 24 ya saizi ile ni bahati. Yale magurudumu madogo ya mbele ndiyo kabisa, yakipasuka kiti kimekufa, na kwenye mchanga wa Mikanjuni au Sahare yanazama. Kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa kubwa na limesogezwa mbele zaidi, kinapita mchanga na hakipinduki ovyo. Kabla ya kununua chochote tuulize kwanza: tairi lake linapatikana hapa?

Mdau (Bagamoyo, Dunda)

Nimekubali, mkuu. Kwa umbo hilo naweza kuchangisha. Sasa fedha atashika nani? Hapa ndipo mambo mengi mazuri yamefia.

Mdau (Korogwe)

Mimi naona mnakwepa suala kubwa. Mwenye ulemavu anataka kipato. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ikiwa ya wenye ulemavu. Kwa nini msiwasaidie vikundi wapate hiyo, mkaachana na baskeli?

Mdau (Tanga, Mikanjuni)

Ndugu wa Korogwe, mimi nipo kwenye kikundi. Mkopo tunaufuata wapi kama hatufiki ofisini? Vikao vinaitwa saa mbili asubuhi, wenzangu wawili baskeli zao mbovu, hawafiki, kikundi kinaonekana hakipo hai. Kutembea kwanza, ndugu yangu. Nikitembea nitaufuata mkopo mwenyewe na marejesho nitayapeleka mwenyewe.

Mwanzisha uzi

Sina la kuongeza hapo.

Kuhusu fedha, kaka wa Dunda, pendekezo langu ni hili na lipigwe nyundo na yeyote. Akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wawe watu wenye ulemavu waliochaguliwa na vyama vyao wenyewe. SHIVYAWATA ni shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, chini yake kuna vyama kama CHAVITA cha viziwi na TLB cha wasioona, tuwaombe waongoze uteuzi. Gharama za msafara, mafuta ya magari, maji, chakula, malazi, tujilipie wapandaji wenyewe. Kila shilingi ya mchangiaji ifike kwenye mfuko. Wa kuhudumiwa wapatikane kupitia kamati za watu wenye ulemavu za mitaa na vijiji, ambazo sheria ya 2010 imeziweka, wala tusichague kwa kujuana.

Na kwenye vikao vyetu awepo mkalimani wa lugha ya alama. Viziwi wanaopanda baskeli Tanga ni wengi na ni wapandaji hodari, ila kwenye msafara hawatasikia honi nyuma yao, kwa hiyo wapande katikati ya kundi na ishara za mikono zifundishwe kwa wote kabla ya kuondoka.

Tukiondoka 3 Juni, hadi 3 Desemba ni miezi sita kamili. Naomba siku hiyo, badala ya kugawa vitu, tuweke hesabu ukutani: kilichoingia, kilichotoka, baskeli ngapi zimetengenezwa, zipi zimeharibika tena na kwa nini, mafundi gani wamefundishwa. Na waliohudumiwa waulizwe mbele ya watu kama huduma inafaa.

Mama wa Muheza, nimekutumia ujumbe wa faragha. Usisubiri msafara. Kuna mtaalamu wa mazoezi tiba hapa mjini nimeshaongea naye, yuko tayari kumwona mtoto Jumamosi, na kile kiti mnachobebea machungwa njoo nacho, magurudumu ya nyuma na fremu vinaweza kutufaa.

Wanaotaka kupanda, andikeni hapa chini mnatoka wapi, mna baskeli ya aina gani, na mmewahi kwenda umbali gani kwa siku moja. Wenye baskeli za mikono mtaje pia kipande cha njia mnachokitaka.

Mdau (Tanga, Mikanjuni)

Baskeli ya mikono, tairi 28, breki moja. Nachukua Muheza kuja Pongwe.

Mdau (Bagamoyo, Dunda)

Baskeli ya kawaida yenye gia, nimewahi Dar na kurudi siku moja. Yupo jirani yangu asiyeona, mwalimu, anauliza ile ya viti viwili itakuwa tayari lini aanze mazoezi.

Mwanzisha uzi

Mwambie mwalimu fremu ya kwanza naanza kuikata wiki hii. Anitumie urefu wa mguu wake, kuanzia nyonga hadi kisigino, akiwa amevaa viatu atakavyopandia.